Milimita Nne za Baraka

Kila saa tatu asubuhi, msoma kipimo cha mvua hufuta bilauri yake ya kupimia kwa pindo la shati, hufumba jicho moja na kutaja namba mara mbili kwa sauti, kama mnunuzi wa mawese anayeogopa kupunjwa. Sefakor, mtafiti wa kwanza wa tabianchi kutoka wilaya hii, humwamini kuliko mashine. Utafiti wake ni wa ukame, na hadi jana zilikuwa zimetimia siku ishirini na moja bila tone. Leo bilauri ikasema milimita nne. Sefakor akashika kichwa: ukame wake umekatika! Msoma kipimo akainusa bilauri, kisha akamgeukia msemaji wa chifu, aliyekuja kuona matunda ya tambiko lake la jana.

“Mzee, kinywaji cha mababu ulikimwaga wapi?”

“Si humo kipimoni? Ndicho kinywa pekee kilichokuwa wazi. Tumeomba mvua, imekuja. Andika!”

“Mvua gani inawasha pua?”

Akaandika taratibu: “Mvua, sifuri. Gongo, milimita nne.” Halafu akamkabidhi mzee bilauri kwa mkono wa kulia.

“Kanuni inasema bilauri ikishasomwa iachwe tupu. Malizia wewe, mimi niko kazini.”