King'ora Kilichonifuata Hadi Mtaroni

Leo nacheka, ila siku ile nilijua nakufa. Mwenye ukumbi hapa Nyamongo aliniahidi niimbe wimbo mmoja kabla ya mpiga litungu, ile ala ya nyuzi, katika onyesho la Jumamosi, mradi nimtangazie onyesho hilo vizuri. Nikabeba kipaza sauti cha mkononi hadi kwenye mashimo ya dhahabu Nyakunguru.

Kabla sijatamka neno, king'ora kikalia.

"Baruti! Wanalipua!" wachimbaji wakapiga kelele, wakatimka. Nami mbio! Nikikimbia, mlio unanifuata. Nikajitupa mtaroni kando ya mama muuza uji, namwomba Mungu anifikishe tu Jumamosi.

Mama akainua kichwa.

"We mwana, mbona king'ora kinalia kwapani mwako?"

Kidole changu kilikuwa bado kimebana kitufe chekundu cha king'ora kwenye kipaza sauti. Wachimbaji waliojilaza mtaroni wakainuka, matope hadi kwenye kope, wakanizunguka.

"Haya," mmoja akasema, "tangaza sasa."