Barua ya Nafula Ndani ya Flashi Yangu

Mwanangu, kila nikikuona ukimkabidhi mtu hiyo flashi yako bila hata kuuliza anaipeleka wapi, nakumbuka Jumamosi moja. Keti kidogo nikueleze.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mpiga chapa katika ofisi ndogo mjini Kitale. Flashi ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia. Niliponunua yangu niliifunga kamba nikaivaa shingoni, kanisani hadi sokoni. Usinicheke. Siku hizo mwenye flashi alionekana amesoma.

Nilikaa chumba kimoja na Nafula, fundi wa nguo aliyekuwa na kibanda Kiminini. Mimi Mkikuyu, yeye Mbukusu wa Tongaren, lakini majirani walituita mapacha. Nafula alikuwa akianza kucheka kabla hajamaliza hadithi, nawe unajikuta unacheka hata hujui kisa.

Alikuwa amechumbiwa na Simiyu, mwalimu wa Bungoma. Kulikuwa na jambo ambalo Simiyu hakulijua. Nafula alizaa akiwa kidato cha pili, na yule mtoto, Nanjala, akalelewa na mama yake Nafula kama kitinda mimba wake. Nanjala, aliyekuwa na miaka tisa wakati huo, alimwita Nafula dada.

"Nataka kumwambia Simiyu mimi mwenyewe," Nafula aliniambia. "Lakini nikifungua mdomo maneno yanapotea. Wacha tuandike kwanza."

Basi kila Jumamosi baada ya kazi alikuja ofisini, akasema, nikaandika. Anasema, ananiambia nifute, anasema tena. Majuma matatu barua haikuisha. Niliihifadhi kwenye flashi kwa jina lake. Kuiwekea neno la siri nilijua; za wateja niliziwekea kila siku. Yake sikuiwekea. Niliona ni mambo ya nyumbani tu.

Jumamosi hiyo ninayokuambia, Barasa, binamu ya Simiyu, alikuja Kitale kuchukua programu ya sherehe ya kumuaga bibi harusi, niliyokuwa nimeipiga chapa. Printa yetu ilikuwa imeharibika. Akasema ataichapisha kwenye saiba, duka la kompyuta, huko Bungoma. Nikaivua flashi shingoni, nikampa.

"Programu iko humo," nikamwambia. Kingine kilichokuwa humo hata sikukikumbuka.

Barasa alifungua kila kitu. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Aliona jina la bibi harusi, akashindwa kujizuia. Akachapisha nakala. Kufikia Jumanne maneno yalikuwa yamefika Tongaren, na watoto shuleni wakamzunguka Nanjala: "Ati dadako ndiye mamako?"

Simiyu alikuja kwetu na ile karatasi mfukoni. Nilidhani amekuja kuvunja uchumba.

"Nafula, mimi bado nakutaka," alisema. "Na huyo mtoto atakuwa wangu."

"Hata sikuwa nimemaliza kuandika," Nafula akasema. "Nilikuwa bado natafuta vile nitakuambia, na vile nitamwambia mtoto. Siwezi kumpeleka Nanjala kwa watu waliomsoma kwenye karatasi."

Simiyu alimbembeleza sana. Nafula hakukubali. Juma hilo alifunga kibanda, akamchukua Nanjala, wakaondoka. Mimi hakunigombeza. Alikunja nguo zake akaniachia blanketi letu, na hadi leo natamani angenitukana.

Nilienda Tongaren kuomba msamaha. Mama yake alikuwa uani akipukuchua mahindi.

"Wewe hukusema kitu, Wanjiru, hiyo najua," aliniambia. "Lakini huyu mtoto wangu alikupa maisha yake umshikie. Wewe ukampa mtu kama unampa kiberiti." Kisha akaniletea uji. "Kunywa. Kwenu ni mbali."

Uji huo niliuacha, nikaaga.

Wengine walisema Nafula yuko Eldoret, wengine wakasema alivuka mpaka kwenda Uganda. Nikipita Kiminini bado naangalia pale alipokaa na cherehani yake, ingawa sasa panauzwa mbolea. Mwaka mmoja, pale Webuye, nilisikia mwanamke akicheka nyuma yangu, nikamfuata hadi stendi. Hakuwa yeye. Ningempata, nisingeomba turudi kuwa kama zamani. Ningeomba tu kukaa naye kidogo.

Basi sikia, mwanangu. Siri ya mtu usiitembeze. Kama ni lazima uibebe, iwekee neno la siri, na lisiwe jina lako wala siku uliyozaliwa. Flashi ya kuazima watu iwe nyingine, tupu. Ukimaliza kazi ya mtu, mpe kilicho chake, ufute kilichobaki naye akiona. Na flashi ikipotea, mwambie mwenye siri siku hiyo hiyo hata kama aibu inakuua, ajue kabla hajasikia barabarani. Usiseme huna adui. Mimi pia sikuwa na adui. Nilikuwa na haraka tu, na kitu kilichonishinda kingechukua dakika moja.

Mungu akujalie watu watakaokuamini hata na yale yanayowatia hofu, na akupe uangalifu wa kuwatunzia. Akulinde ulalapo na uamkapo, na rafiki zako wazeeke ukiwa nao. Amina.