Ndege wa Fiston na Ndagala za Mama

Sisi tuliokulia Rumonge, kando ya ziwa, kabla simu hazijawa na picha, katuni tulikuwa tunaifuata kwa miguu. Jumamosi baada ya chakula tulioga, tukajipaka mawese mpaka magoti yakang'aa, tukaenda kubanana kwenye ukumbi wa mabati karibu na soko, watoto wengi kuliko viti. Mbele kulikuwa na televisheni moja yenye mgongo mkubwa. Watoto wa leo wakiiona watauliza mkate unaingizwa upande gani.

Filamu zilikuwa za Kifaransa, na Kifaransa chetu kiliishia kwenye kumwamkia mwalimu. Kwa hiyo alisimama Fiston, fundi baiskeli, akatutafsiria. Fiston alikuwa amewahi kukaa Uvira, ng'ambo ya ziwa, wanakosema Kifaransa, nasi tuliona hiyo inatosha. Tena alikuwa na mdomo: mnyama wa kwenye filamu akisema neno moja, yeye anasema kumi.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa katuni ya ndege mweupe aliyenaswa na mwindaji, watoto wake wamebaki kwenye kiota wanalia. Mwishoni anaachiliwa, anatugeukia, anasema kitu kifupi sana. Fiston akajifuta jasho, akatafsiri: "Anasema, eh, batoto ba Rumonge! Mbona munatufukuza na fimbo ku ndagala? Sisi pia tuko na batoto. Mutuache tukule!" Ukumbi mzima ulilia. Mimi nililia mpaka kamasi.

Mliokulia ufukweni mnajua kwa nini maneno yale yalinichoma. Kazi ya mtoto kwetu ilikuwa kulinda ndagala, dagaa wa ziwani, zikianikwa: unakaa kando ya wavu uliotandikwa mchangani, una fimbo na kopo, yangeyange, wale ndege weupe, wakitua unapiga kelele. Na wiki hiyo ndagala za mama hazikuwa za kuuza. Jumapili wazee wa Muhuta walikuwa wanakuja kumposa dada yangu Josiane. Wageni wa namna hiyo huichunguza nyumba kwenye sahani: ndagala zikiwa na mchanga, wanasema binti naye atakuwa mvivu. Mama alikuwa amezichagua moja moja, na mtaa mzima ulishasikia akijisifu.

Jumapili asubuhi, kabla ya kwenda misa, alinikabidhi fimbo. "Aline, leo hakuna muchezo. Heshima ya Josiane iko mu mikono yako."

Alipopotea kwenye kona nikaiweka fimbo chini. Niliwakaribisha yangeyange kwa Kirundi na kwa Kifaransa changu cha kuamkia. Wakaja, wakaita na jamaa zao. Kunguru nao wakaja, ingawa kwenye filamu hawakuwemo, halafu bata wa jirani, ambao hakuna mwindaji aliyewahi kuwasumbua. Nilikaa katikati yao nikijiona mtakatifu kuliko wote waliokuwa kanisani.

Mama aliporudi, wavu ulikuwa na vichwa tu.

"Ndagala iko wapi?"

"Mama, na wao wako na batoto."

Alinishika sikio na hakuliachia mpaka kwa Fiston, aliyekuwa anaziba pancha. Aliposikia habari alikiri upesi. "Mama Josiane, unisamehe. Ule ndege alisema merci tu, ni asante. Niliona iko mufupi, nikaongezea."

Wageni walifika mchana. Josiane alikuwa chumbani analia kweli, maana yule kijana alimpenda. Mama aliweka mezani ugali na sombe, yaani kisamvu, bila ndagala. Angeweza kusingizia ziwa kwamba wiki hiyo halikutoa kitu. Badala yake alisema yote, filamu, Fiston, hadi bata, akinionyesha kwa kidole nilipojificha nyuma ya mlango. Mzee wa Muhuta alinitazama, akatazama sombe, kisha akacheka mpaka kofia ikadondoka.

"Murakoze kwa kutuambia kweli, mama. Kama hii nyumba inahurumia hadi bata, na mutoto wetu atahurumiwa. Leteni hiyo sombe."

Josiane yuko Muhuta mpaka leo, na kila akigombana na mumewe hunipigia simu kunilaumu mimi na ndege wangu.

Siku hizi wanangu wanatazama katuni wamelala kitandani, moja baada ya nyingine. Wanajua dubu wa kwenye barafu anateseka, wanamlilia, halafu wanaomba juisi. Yangeyange akitua uani wanamrushia kandambili. Nikiwasimulia Fiston wananionea huruma, kama vile nilikulia pangoni. Nami nawahurumia wao, maana filamu zao zinawafundisha vizuri, kwa lugha safi, na hakuna hata moja iliyowahi kuwaita watoto wa Rumonge.

Mama hayupo tena, nami namkumbuka sana nikipita pale ufukweni, ambako sasa ndagala zinaanikwa chini ya neti na ndege hawasogei. Wiki moja baada ya ile posa alinirudishia ile fimbo, pamoja na vitisho. Lakini tangu hapo, kila akianika, alikuwa anamwaga kiganja kimoja cha ndagala pembeni, mbali na wavu, kisha anakwenda zake. Nilipomuuliza alisema ni zile zilizovunjika. Siku moja nilichutama nikazitazama kabla ndege hawajafika. Zilikuwa nzima.