Dawa Iliyokuwa ya Wengine

Kaka yangu alijua kwamba ni mgonjwa kwa sababu ya kumtolea mke wake damu. Wifi alikuwa amejifungua kwa upasuaji, mtoto wa kike, na hospitali ikataka jamaa waje warudishe damu aliyoongezewa. Kaka alikuwa mtu mkubwa, fundi wa rangi, mabega yamejengeka kwa kubeba ngazi, na alipopanda kitandani alimwambia muuguzi atoe hata chupa tatu akitaka. Wiki mbili baadaye akapigiwa simu. Damu yake haingetumika. Ilikuwa na virusi vya homa ya ini.

Alikuja moja kwa moja hadi ofisini kwangu mjini, ambako nilikuwa karani wa mawakili. Akasimama juu ya zulia lao na viatu vyake vya kazi, akaninyooshea karatasi.

"Hebu nisomee. Hii ni nini? Na mimi siumwi popote."

Mimi ndiye niliyesomeshwa kwetu, kwa hivyo karatasi zote za nyumbani zilinijia. Niliisoma mara mbili na sikuielewa vizuri kuliko yeye.

Daktari wa ini tuliyeelekezwa kwake alikuwa na chumba katika ghorofa moja pale katikati ya mji. Mama alisisitiza kuja, akatoka nyumbani Kinoo na kanzu yake ya kanisa. Daktari alituelezea polepole. Alisema virusi hivi hukaa kimya miaka na miaka vikilila ini kidogo kidogo, na kwamba watu wengi huku kwetu huvipata wakiwa wachanga, mara nyingi wakati wa kuzaliwa.

"Kwa hivyo ni mimi nilimpa," Mama akasema.

Daktari akavua miwani. "Mama, wakati huo hakuna aliyejua. Hata sindano ya kuwakinga watoto haikuwepo."

 Mama aliangalia mikono yake.

Wifi na mtoto walipimwa wakakutwa salama, wakadungwa sindano za kuwakinga. Kaka alianzishiwa vidonge, na kwa muda wa miezi minane hivi vilimfaa. Alirudi kazini. Kisha vipimo vikaanza kupanda tena, macho yakaingia umanjano, na daktari akasema virusi vimeizoea ile dawa. Alihitaji nyingine, mpya zaidi.

"Iko Kenya?" nikamuuliza.

"Iko. Tena nyingi," akasema. "Kazi ni kuipata."

Sikumwelewa. Nilidhani anazungumzia bei, na bei nilikuwa nimejiandaa nayo. Nilichukua ile karatasi, na kila saa ya chakula cha mchana nikawa nazunguka maduka ya dawa ya mjini, mtaa kwa mtaa. Vijana wa kaunta waliisoma, wakatazamana, wakaniangalia kwa huruma ambayo sikuitambua kwanza. Walifikiri wanajua ninaumwa nini. Mmoja akaninong'oneza, "Dada, hii haiuzwangi. Enda tu kliniki, wanapeana bure."

Mwisho nikampata mfamasia mmoja, mama wa makamo, ambaye alinivuta nyuma ya kaunta akanipa kiti.

"Nisikudanganye," akasema. "Hii dawa inaletwa nchini kwa mpango wa wagonjwa wa UKIMWI. Inawasaidia wao na inasaidia ini pia, ni dawa ile ile. Lakini yote inaenda kwa mpango wao. Sisi wa maduka hatuletewi. Tungeiweka hapa, nani angenunua, na wenyewe wanapewa bure?"

"Na mgonjwa wa ini?"

"Wa ini bado hajapangiwa."

Aliniambia njia iliyobaki ni kuiagiza nje. Ilihitaji barua ya daktari bingwa, kibali cha wanaosimamia dawa, na mwagizaji anayekubali kuileta, naye hangeleta mkebe mmoja. Angeleta katoni nzima. Kwa hivyo ilibidi wapatikane wagonjwa wengine wa kugawana nasi. Mfamasia alianza kuwatafuta siku hiyo hiyo, akipiga simu kwa madaktari anaowajua. Barua yetu ya kwanza ilirudishwa. Dawa ilikuwa imeandikishwa hapa kwa ugonjwa ule mwingine, wakasema wale wa kibali, na daktari aeleze upya kwa nini anaitaka kwa ini. Akaeleza upya. Tukangoja.

Wakati huo kaka alikuwa anapaka rangi nyumba ya bibi mmoja mzee kule Lavington. Bibi huyo alimwona akiketi juu ya ngazi kila baada ya dakika chache, akamuuliza ana nini, naye akamwambia. Bibi alimpigia simu binti yake aliyeishi ng'ambo, na binti akaenda mwenyewe duka la dawa la huko. Wakamwambia hawawezi kutoa dawa ile kwa barua ya daktari asiye wao, kwa mgonjwa wasiyemwona. Bibi alimpa kaka habari hiyo akilia. Kaka ndiye aliyembembeleza.

Ilipofika mahali hawezi tena kupanda ngazi, akaniambia, "Wacha niende kwa hiyo kliniki ya UKIMWI nikaombe mwenyewe. Wakiniona wataelewa."

Nilimsindikiza. Utaratibu ulikuwa lazima apimwe kwanza. Mshauri aliyetupokea alikuwa msichana mpole, na alipoleta majibu alikuwa anatabasamu tangu mlangoni.

"Hongera," akasema. "Hauna virusi vya UKIMWI."

Sijawahi kuona mtu akipokea habari njema vile. Kaka aliinamisha kichwa. Msichana akanigeukia, amechanganyikiwa, nikamweleza tulichokuja kutafuta. Nyuma yake kulikuwa na kabati lililoachwa wazi, na mikebe myeupe imepangwa mpaka juu.

"Na ningekuwa nao?" kaka akauliza.

"Ungekuwa nao, tungekuandikisha kwa mpango," akasema kwa sauti ndogo. "Baba, kila mkebe hapa una mtu wake. Mwisho wa mwezi unahesabiwa. Nikikupa mmoja, kuna mtu atakuja hapa akose, na nitamjua kwa uso."

Hakuwa mtu mbaya. Alitufuata mpaka kwenye veranda akamshika kaka mkono. Tuliposhuka ngazi kaka alisimama kupumua.

"Umemwona yule mama aliyetoka na majibu mbele yetu akilia?" akaniuliza. "Nimetamani kuwa yeye. Mungu anisamehe."

Mimi nilikuwa nikiishi Woodley, nimepanga chumba kwenye mojawapo ya zile nyumba za zamani za kaunsili. Jirani yangu alikuwa mjane mwenye watoto wawili, aliyeuza mboga karibu na barabara ya Ngong. Alikuwa mgonjwa wa mpango ule. Katika ploti yote alikuwa amenieleza mimi peke yangu, na nilijua anatumia dawa ile ile kwa sababu niliwahi kumsomea maandishi ya mkebe. Jioni hiyo tulikutana kwenye mfereji tukichota maji, akaona uso wangu, nikamwambia yote.

Kesho yake akaja mlangoni na kitu kimefungwa kwa gazeti.

"Chukua," akasema. "Mimi nitawaambia nimeibiwa."

Naona haya kuyaandika haya, lakini nilichukua. Sikumuuliza yeye atameza nini. Jumamosi asubuhi nilikuwa Kinoo, na kaka alikuwa ameketi juani mbele ya nyumba akiwa na sweta mbili. Mikono ilikuwa imekonda na tumbo limejaa maji. Nikamwekea mkebe mapajani.

Aliufungua, akauzungusha. "Jina limekwaruzwa," akasema. "Ni ya nani?"

"Ya hospitali."

"Ni ya nani, dadangu?"

Nikamwambia.

"Ana watoto wangapi?"

"Wawili."

"Basi umrudishie."

Nilimsihi. Nilimwambia ni ya mwezi mmoja tu, katoni itakuwa imefika.

"Na isipofika, mwezi wa pili utachukua ya nani? Daktari alisema hii dawa ukiianza usiiache tu hivyo, ini litawaka zaidi. Itabidi umchukulie huyo mama kila mwezi. Utaweza?"

Nilitaka kusema ndiyo. Badala yake nilimpigia kelele. Nilimwambia ana kiburi, kwamba anataka mtoto wake akue bila baba ili yeye aonekane mtu mwema. Wifi alitoka jikoni na mtoto kiunoni, akasikia yote. Kaka aliniacha nimalize, kisha akaniomba nimsaidie kusimama, kwa sababu jua lilikuwa limemhama.

Nilirudisha mkebe jioni hiyo. Jirani yangu aliupokea, na nikaona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyeshikilia pumzi tangu juzi. Hapo ndipo nilipoelewa alikuwa amenipa nini.

Kibali kilitoka wiki tatu baadaye. Mfamasia alikuwa amewapata wagonjwa wengine wa kutosha, na mwagizaji akasema katoni iko njiani. Kaka alianza kutapika damu siku ya Jumanne. Alifariki Alhamisi asubuhi wodini, mimi nimemshika mguu na wifi amemshika kichwa. Mtoto wao alikuwa anajifunza kutembea, na siku hizo mbili alijifunzia kwenye korido ya hospitali, akishikilia ukuta.

Watu walinong'ona, kama nilivyojua watanong'ona. Walikuwa wamemwona akikonda, na kuna aliyemwona akitoka kwenye kliniki ile. Siku ya mazishi Mama aliniita pembeni kabla sijasoma historia ya marehemu.

"Waambie hakuwa na ule ugonjwa," akasema. "Waambie alipimwa. Sitaki mtoto wangu azikwe na jina hilo."

Niliandika sentensi hiyo mbele yake, ili aridhike. Nilisimama chini ya hema nikasoma: alizaliwa, alisoma mpaka darasa la nane, alijifunza kazi ya rangi, alioa. Nikainua macho. Jirani yangu wa Woodley alikuwa amekuja kutusaidia kazi tangu alfajiri, na alikuwa amesimama nyuma ya viti na sinia ya vikombe, akinisikiliza. Niliona nikiisoma ile sentensi nitakuwa ninawaambia watu wote kwamba kaka yangu hakuwa mchafu kama yeye.

"Alikuwa mgonjwa wa ini," nikasema. "Dawa ilikuwepo, na hakuipata." Nikakunja karatasi, nikaketi.

Kuna waliotazamana. Mama aliniangalia kama aliyengoja neno moja zaidi, na lilipokosa kuja akageuza uso.

Hakuongea nami kwa miezi minne. Nilikwenda Kinoo kila Jumapili, nikafua, nikapika, tukala bila kusemezana, wifi akiongea na mtoto ili nyumba isiwe kimya. Siku moja tukiwa tunachambua maharagwe, Mama akauliza bila kuniangalia, "Ni kwa nini hukusema?"

Nikamweleza juu ya jirani, na mkebe, na yale tuliyoambiana na kaka siku ile juani. Hakuwa ameyajua. Mikono yake ilisimama ndani ya ungo.

"Ilikuwa mikononi mwake?"

"Ndiyo, Mama."

"Na akairudisha."

"Akairudisha."

Alijifunika uso kwa leso, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukitoa hata kaburini. Wifi alikuja mbio kutoka nje akasimama mlangoni.

"Kwa nini hukumlazimisha?" Mama alikuwa akisema ndani ya leso. "Ungemlazimisha. Wewe ndiye ulisoma. Kwa nini hukumlazimisha?"

 Nilisogea karibu naye kwenye benchi, nikaushika ungo usianguke.