Kome Wasiojua Msimu

Thadeus Osoro alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo hakuna aliyemwona amesimama mahali pasipo na heshima. Alichuma chai yake amevaa shati la mikono mirefu. Viatu vyake vya Sabato vilikaa juu ya kabati, mahali ambapo familia nyingine huweka dawa. Ungemwambia kwamba mtu anaweza kuishi bila uzee wa kanisa, angekusikiliza kwa huruma.

Mwaka jana alikuja Daktari Adhis, mtaalamu wa viumbe wa majini kutoka upande wa ziwani, akitafuta mtu wa kumwokotea kome katika mto ulio chini ya kijiji cha Sironga: kome kumi na wawili kila mwezi, mwaka mzima. Alimweleza Osoro kwamba hewa ileile inayompa kome uhai humla kwa ndani, kama chuma kinavyoliwa na kutu, na mwili wake hujitengenezea kinga. Alitaka kujua kinga hiyo hupanda lini: kiangazi, maji yanapopungua na kupata joto, au masika, mvua inaposomba mbolea ya mashamba ya chai.

"Waokote Jumapili alfajiri," alisema. "Mimi nitafika saa mbili. Kome akitolewa mtoni hujifunga na kuishi kwa akiba. Akikawia, mwili wake hautuelezi tena habari za mto."

Osoro alikubali. Lilibaki jambo dogo. Kome ni najisi, Mambo ya Walawi yalishamaliza mjadala huo, na Jumapili alfajiri Wakatoliki huvuka daraja kwenda misa ya kwanza, macho yakiwa mapya. Ijumaa saa kumi, kwa upande mwingine, Wasabato wote wako nyumbani wakioga, wakipika na kupiga pasi kabla jua halijatua, na Wakatoliki wako kwenye kituo cha kupimia chai. Kwa hiyo akashuka mtoni Ijumaa. Ndoo aliificha nyuma ya zizi la mbuzi, na Sabato akahubiri juu ya unyofu.

"Baba Maureen," mkewe Nyakerario alimwambia, "wageni wako wananuka."

"Funika ndoo."

"Nimefunika. Sasa wananuka kwa adabu."

Miezi kumi na miwili ikaenda hivyo. Daktari alirudi na karatasi moja, akaitandaza juu ya meza. Ule mstari wa kinga aliotarajia upande na kushuka ulikuwa umenyooka kama reli.

"Mzee, kome wako hawajui msimu. Januari na Aprili ni mamoja kwao. Kila mwezi wako hoi vilevile. Ulikuwa unawaokota lini?"

Osoro alitazama kabati. "Ijumaa."

"Ijumaa zote?"

"Zote."

Daktari aliikunja karatasi mara nne. "Basi nimepima ndoo yako," alisema kwa upole wa kumzungumzia mgonjwa. "Mwaka mzima nimepima ndoo."

Kutoka hapo alikwenda kwa Mzee Ongeri, mwenyekiti wa baraza la kanisa, ambaye nyumba yake inatazama daraja, akamwomba amtafutie mtu mwingine. Ongeri akasema hana haja ya kutafuta mbali.

Baraza lilimwita Osoro wiki iliyofuata.

"Kugusa si kula, ndugu yangu," Ongeri alisema. "Ungetuuliza, tungekuruhusu kabla chai haijapoa."

"Kwani mlijua?"

"Tangu mwezi wa pili. Upepo wa Sabato hupita kwako kwanza, ndipo uje kanisani."

"Mbona hamkusema?"

"Tulikuwa tunasubiri useme wewe."

Walimwondolea uzee, si kwa sababu ya najisi, bali kwa udanganyifu. Mikono ilipanda yote, mmoja ukichelewa kidogo kwa sababu ya baridi yabisi.

Jumapili ya kwanza ya mwaka mpya, Osoro alikuwa kwenye daraja kulipopambazuka. Ongeri alisimama mtoni, suruali imekunjwa magotini, akiokota kome bila kujificha. Wakatoliki walipita wakienda misa.

"Umeamkaje, mzee?" walimsalimu Ongeri. "Kazi njema."

Ongeri aliinua uso. "Ndugu Osoro, si uje unishikie ndoo? Wewe umeizoea."

Osoro alivua viatu, akashuka, akaishika.