Bastola Isiyosikika Ukikumbatiwa

Mume wangu alichagua bastola jinsi watu wengine wanavyochagua suti ya harusi, kwa kujigeuza mbele ya kioo. Alisimama chumbani kwetu Carrollton, Texas, shati likiwa nje ya suruali, akajitazama ubavu, akajitazama mgongo, akainama kama anayeokota kitu sakafuni, kisha akaniuliza kama inaonekana. Nilikuwa nakunja nguo za mtoto. Nikamwambia inaonekana. Akavuta shati chini kidogo na kuniuliza tena. Mpaka leo nikiikumbuka sura yake alipokuwa akingoja jibu langu, naona kinyaa.

Bastola yenyewe haikuwa hata yake. Ilikuwa ya kaka yake mkubwa, aliyekuwa amekuja kutusalimia wikendi hiyo na kumwazima aijaribu. Kaka huyu aliishi Katy, kwenye nyumba mpya yenye nyasi zilizokatwa kama nywele za askari, na alikuwa miongoni mwa Wakenya wenzetu wa kwanza kuchukua leseni, Texas iliporuhusu raia kutembea na bastola iliyofichwa. Alikuwa mtu mwema. Alitupokea uwanja wa ndege tulipofika nchi ile, akatufundisha kuendesha gari upande wa kulia. Lakini tangu apate leseni alizungumza habari moja tu, na kila alipokuja kwetu niliomba simu iite ili nipate sababu ya kutoka mezani.

Sitaki kusema kwamba mume wangu aliamka tu siku moja akataka silaha. Alikuwa msimamizi kwenye bohari moja huko Mesquite, na mwenzake alinyang'anywa gari kwenye maegesho, funguo zikiwa mkononi. Hakuumizwa, lakini tangu siku ile mume wangu akawa anakaa garini kwanza kabla ya kushuka, akitazama vioo. Nilimwelewa. Mimi ni muuguzi, nilifanya zamu za kila aina, na maegesho makubwa matupu nayajua. Woga si kitu cha kumcheka mtu. Kilichonichukiza ni jinsi woga ule ulivyogeuka haraka kuwa starehe. Baada ya muda hakumtaja tena yule mwenzake aliyeporwa. Alitaja saizi.

Walijadiliana juu ya meza yangu ya chakula, kando ya sahani ya chapati. Kaka alijifuta vidole kwa uangalifu mkubwa kwanza, kimoja kimoja, ili asiipake bastola mafuta. Mtu huyo huyo alikuwa ametoka kumbeba binti yangu kwa vidole hivyo hivyo na hakuvifuta.

"Iko empty, shemeji, usiwe na wasiwasi," akaniambia. Kisha akamgeukia mdogo wake. "Full-size ndiyo bunduki. Unai-hold na mkono mzima, hairuki ukipiga, na inabeba risasi mob, nyingi sana. Hizo compact, hizo ndogo, ni za wamama wa kuweka kwa handbag."

"Wewe una mwili," mume wangu akajibu. "Tumbo lako linaificha. Mimi nikiivaa naonekana nimemeza kiatu."

"Basi kula."

Wakacheka. Niliwauliza wanakwenda kumpiga nani. Walinitazama wote wawili kwa huruma, kama mtu aliyeuliza mvua hutoka wapi.

"Hatuendi kumpiga mtu," kaka akasema. "Ni ya ku-protect family."

Family ilikuwa mimi, niliyekuwa nikiondoa sahani, na binti yetu ambaye alikuwa bado hajajifunza kutembea vizuri.

Hapa ni lazima nieleze fellowship yetu, kwa sababu bila hiyo mtu hawezi kujua nilikuwa naogopa kupoteza nini. Kila mwezi, Jumamosi mchana, familia za Kikenya za upande wetu zilikutana nyumbani kwa mmoja wetu, kwa zamu. Tuliimba, tukaomba, tukala. Ukiingia, unakumbatiwa na kila mtu, wanaume kwa wanawake. Mwenye nyumba anakuvua koti na kulipeleka chumbani, kwenye kitanda chake kikubwa, na kwenye kitanda hicho hicho ndipo watoto wachanga wanalazwa wakisinzia, kwa mstari, wakikikata kitanda kwa upana.

Katika nchi ile nzima sikuwa na mahali pengine pa kumweka mtoto wangu. Mimi na mume wangu tulipishana mlangoni, mmoja akitoka zamu, mwingine akiingia, mtoto akihama kutoka bega moja hadi jingine. Sikuwa na mama, sikuwa na shangazi, sikuwa na jirani ninayejua anapika nini. Kitanda kile cha fellowship ndicho mahali pekee nilipoweza kumlaza binti yangu, nikafunga mlango, nikaenda sebuleni kucheka na wenzangu kwa sauti. Kwa hiyo nilimwambia mume wangu kwamba kuibeba kazini ni juu yake na roho yake, lakini kwenye fellowship asiende nayo.

"Na njiani je?" akaniuliza. "Majambazi wanajua leo ni siku ya maombi?"

"Kuna watoto pale."

"Hakuna mtu ataisikia akinikumbatia, mama. Nakuahidi."

Nilimwambia habari za watoto, akanijibu habari za kusikika. Tuliendelea hivyo mwezi mzima, kila mmoja na mazungumzo yake.

Siku ya kununua aliniomba niende naye. Muuzaji alikuwa mzee wa Kizungu mwenye adabu nyingi, miwani imening'inia kifuani, na mume wangu alimweleza shida yake kwa utulivu, kama anayemweleza fundi cherehani. Akasema sisi, watu wa kanisa letu, tukikutana tunakumbatiana. Wengine wanakushika bega, lakini wengine, hasa wamama, wanakuzungushia mikono mpaka kiunoni na kukupigapiga mgongo. Anataka itakayopita hapo bila mtu kujua.

Mzee hakucheka. Alifikiri, akatoa mikanda na mifuko ya ngozi ya kuvalia bastola ndani ya suruali, akatoa kubwa moja na ndogo moja, akahakikisha hazina risasi. Akamvalisha kwanza ile kubwa. Kisha akaniomba, kwa heshima zote, nimkumbatie mume wangu.

Nilimkumbatia pale katikati ya makabati ya vioo. Mpini ulinigonga kwenye mkono, mgumu, wenye pembe. Nikasema naisikia. Akavaa ile ndogo, nyuma kidogo ya nyonga, nikamkumbatia tena.

"Unaisikia?" akaninong'oneza.

"Naisikia."

"Unaisikia kwa sababu iko, ama kwa sababu unajua iko?"

Nilimwachia. Tangu tufunge ndoa alikuwa hajawahi kuniuliza, kwa makini namna ile, ninasikia nini nikiwa mikononi mwake. Nilitoka nje nikasimama kando ya gari, na nilipojitazama kwenye kioo nikaona nimekunja pua kabisa, kama mtu aliyefungua friji yenye nyama iliyooza. Akatoka na ile ndogo. Alikuwa na furaha. Alinieleza njia nzima kwamba ile kubwa ni nzuri zaidi kwa kulenga, kaka yuko sahihi, lakini maisha yetu ni ya kukumbatiana na mtu anunue kulingana na maisha yake.

Kitu ambacho mzee hakukijua, wala mume wangu hakukifikiria, ni kwamba sisi baada ya kukumbatiana tunakaa. Tunakaa saa nyingi kwenye makochi ya kuzama. Mume wangu hakuwa na nyama mwilini, na kila alipokaa ile ndogo ilimchoma kwenye mfupa, akawa anajisogeza huku na huku kama mwenye jipu. Nyumbani nilimtazama akihangaika nayo na sikumpa pole. Siku moja niliona hahangaiki tena, nikadhani amechoka nayo na kuiacha kabatini. Sikumuuliza, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kusikia kinywa chake kikitaja chombo kile.

Fellowship ya Januari ilikuwa kwa mwanamke niliyempenda kuliko wote, muuguzi mwenzangu, mtu wa kicheko kikubwa na mikono mikubwa. Kulikuwa na baridi ya barafu, ile inayowafunga watu wa Texas majumbani, lakini sisi tulikwenda. Binti yangu alikuwa amelala begani kwangu. Mwenye nyumba akatupokea mlangoni, akamkumbatia mume wangu kwa nguvu, akampiga mgongo, na mume wangu akasimama wima akitabasamu. Nikafurahi. Nikajua ameiacha nyumbani.

Mwenye nyumba akamchukua mtoto, kisha akanyoosha mkono. "Leteni makoti."

"Niko sawa," mume wangu akasema. "Nasikia baridi kidogo."

"Baridi gani na heater iko on? Ama umekuja kupita tu?"

Watu wakacheka. Kwetu huwezi kushindana na mwenye nyumba juu ya koti. Kulikataa ni kusema huna nia ya kukaa, na chakula chake hukitaki. Mume wangu akalivua. Alimkabidhi kwa mikono miwili, polepole, na mwenye nyumba akaondoka na koti na mtoto wangu pamoja.

Niliona ile mikono miwili na sikuelewa. Tulisimama duara kwa maombi ya kufungua, tukashikana mikono, mume wa mwenye nyumba akaanza kuomba. Mkono wa mume wangu ulikuwa umelowa jasho. Si unyevunyevu, ulikuwa umelowa kabisa, na nilipofumbua macho kumtazama, aliyafumba yake kwa nguvu zaidi. Hapo nikaelewa. Alijua kitu chake kiko wapi na mtoto wake yuko wapi, na alikuwa amesimama pale anaitikia amina, kwa sababu kutoka katikati ya maombi kungewafanya watu waulize.

Niliuachia mkono wake nikaenda.

Chumbani pazia lilikuwa limefungwa. Watoto wamelala kwa mstari, na mwenye nyumba, kama tulivyofanya sote, alikuwa ameyakunja makoti na kuyapanga ukingoni mwa kitanda yawe ukuta, mtoto asibiringike akaanguka. Koti la mume wangu alikuwa ameliweka mwishoni, upande wa binti yangu. Lilikuwa zito, halingeteleza. Mtoto alikuwa ameliegemeza paji la uso, na mkono wake mmoja ulikuwa umeingia kwenye mkunjo wa koti mpaka kiwiko.

Nimefanya kazi miaka mingi ya kuondoa vitu chini ya watu waliolala. Niliutoa mkono wake kwanza, kisha koti, na hakuamka. Nikaushika mfuko wa ndani. Ilikuwemo. Niliona kinyaa. Hofu haikuwa imefika bado.

Mwenye nyumba aliingia nyuma yangu. "Kuna nini, dada? Mbona unaniharibia ukuta?"

"Kuna bastola kwa hii koti."

Nilisema kwa sauti ya chini, nikangoja. Nilingoja ashike mdomo. Nilingoja amnyakue mwanawe, aliyekuwa wa tatu kwenye ule mstari. Alikuja karibu, akalichukua koti, akalipima uzito kwa mkono mmoja.

"Ni ndogo ama ni kubwa?" akauliza.

Niliutazama mkono wa binti yangu, ule niliouchomoa kwenye mkunjo.

"Lazima ni ndogo," akaendelea. "Kubwa haiwezi kuingia kwa pocket. Wangu pia alianza na ndogo, akawa anaiacha kila mahali, kwa gari, kwa bathroom. Nikamwambia a-change. Kubwa hawezi kuisahau, inakaa kiunoni. Mwambie wako pia abadilishe, utapumzika."

Alisema kwa upole, kama anayenishauri juu ya nepi. Aliniwekea mkono mgongoni.

"Na ya mumeo iko wapi saa hii?" nikamuuliza.

"Si iko naye. Humsikii?"

Nilimsikia. Kupitia ukutani mumewe alikuwa anamwomba Mungu atulinde barabarani na majumbani mwetu, na wenzetu wote walikuwa wanaitikia. Mwenye nyumba alichukua mto kutoka kwenye kiti, akauweka mahali pa koti nililoliondoa, akaupigapiga ukakaa sawa. Ukingo wa kitanda ulikuwa umejaa makoti ya watu, mazito kwa sababu ya baridi, na sikujua lolote kati ya hayo limebeba nini.

Nikamwinua binti yangu.

"Mwache alale," mwenye nyumba akasema. "Si ushaitoa?"

Mtoto aliamka na kulia. Alinyoosha mikono kuelekea kitandani, anataka kurudi kwa wenzake kwenye joto. Nilimbana kifuani nikatoka naye. Sikumrudisha pale, siku hiyo wala kwenye kitanda cha nyumba nyingine yoyote, na wenzangu, ambao walikuwa ndugu pekee niliokuwa nao, wakasema nimeanza kuringa.