Mstari Mmoja Kwenye Seva ya Majina

Verna Wasylyk hakuwa mtu wa kutulia. Miaka kumi na mmoja alisimamia kompyuta za kiwanda chetu cha kutengeneza maghala ya nafaka, hapa Brandon, Manitoba, na miaka yote hiyo kahawa yake aliinywa akitembea. Mimi Duane, msaidizi wake, nilichoka kumtazama tu.

Kilichomnyima raha ni jina. Aliyemtangulia alilibebesha jina moja kazi mbili. Nje, jina la kampuni lilimpeleka mteja kwenye tovuti. Ndani, jina hilohilo lilimpeleka mfanyakazi kwenye seva inayotutambua na kutufungulia mafaili. Kwa hiyo sisi wa ofisini, tukitaka tovuti yetu wenyewe, lazima tutangulize zile dabliu tatu, www. Garth Penner, mwenye kiwanda, hakutaka kuzisikia.

"Mama Verna, wateja wanafungua bila dabliu. Mimi mwenye mali ndiye nishindwe?"

"Bosi, humu ndani hilo jina ni la seva. Ukilichanganya, watu hawataingia kazini."

"Kila siku hapana. Hivi hiyo kazi unaijua kweli?"

Siku Verna alipokwenda kung'olewa jino, Garth alinijia mezani na ombi lilelile. Nilitaka sifa, nakiri. Nikaingia kwenye seva ya majina, ile inayoamua kila jina lielekee wapi, nikaongeza mstari mmoja: jina lile tupu bila dabliu, mbele yake anwani ya tovuti. Ikafunguka. Garth akanipigapiga begani, nami nikavimba kichwa.

Asubuhi yake ikawa vurugu. Ukiuliza lile jina, mara unapelekwa kwenye seva, mara kwenye tovuti. Huyu anapata mafaili, jirani yake hapati. Wakijaribu tena, mambo yamegeuka. Verna, shavu limevimba, alizunguka ofisi nzima akikagua nyaya moja moja. Nilijua ni mimi, nikanyamaza. Sijawahi kujichukia vile.

"Mwisho saa sita," Garth alimwambia mbele ya watu. "Usipotengeneza, naita mafundi wa Winnipeg, wewe ukapumzike nyumbani."

Saa tano na nusu Verna aliuona ule mstari. Akaufuta, akatuambia tuzime mashine na kuziwasha upya. Mafaili yakarudi kwa wote.

"Kuna mtu aliongeza anwani ya tovuti," alimwambia Garth.

"Nani?"

Verna hakunitazama, ingawa alijua. Tulikuwa wawili tu wenye ruhusa ya kuingia mle.

"Ni mimi, bosi," nikasema.

Nilingoja kufukuzwa. Garth akakuna kidevu. "Duane angalau alijaribu. Wewe Verna miaka yote hii hata kujaribu hukutaka."

Verna alivaa koti. Akaniwekea mezani daftari la nywila.

"Akikuuliza tena, utamjibu wewe," akasema, akatoka.

Hajarudi. Garth ameshaniuliza habari ya dabliu mara nne. Namjibu kama alivyokuwa akijibiwa na Verna, naye ananiambia kazi siijui.